Ubeti Usio na Kituo

Saa moja kamili, Oktoba, Hamilton,
kona ya Barton na Kenilworth.
Nimezamisha shingo ndani ya koti la rangi ya chungwa
na mguu mmoja wa kiti changu umezama kwenye majani yaliyooza.
Kidole gumba kinabonyeza: wapindao kushoto.
Cha shahada: waendao moja kwa moja.
Kila robo saa nafunga hesabu, naanza upya.

Marehemu baba alinifundisha mizani hivi hivi,
kwa kugonga meza: nane, nane, vuta pumzi.
Hakujua kwamba siku moja nitalipwa
kuhesabu mishororo ya magari
ambayo vina vyake ni breki.

Pale palipokuwa kiwanda cha magodoro
litasimama jengo la nyumba mia mbili na kumi na mbili.
Bwana Petrosyan, mhandisi wetu, ana jedwali
linalowajua tayari hao ambao hawajahamia:
asubuhi watatoa magari tisini na saba,
sitini na moja yatapinda kulia.
Wengine hawajanunua hata kijiko cha jikoni humo
na tayari wamechelewa kazini.

Njia panda hupewa alama kama mtoto wa shule.
Yetu ina D. Jengo likija itapata E,
sekunde tisa zaidi za kungoja kwa kila gari,
na hakuna mzazi apendaye kuitia sahihi E.

Saa mbili na dakika ishirini akatokea Bi Halyna Kowalchuk
na kigari chake kitupu cha sokoni, gurudumu moja likilia.
Taa ilimpa sekunde kumi na nane.
Alihitaji ishirini na sita.
Zile nane aliziazima kwa dereva wa lori
aliyepiga honi, kisha akaona haya.

"Unahesabu nini?"
"Magari, bibi."
"Na mimi?"
Nikamwonyesha safu ya waenda kwa miguu:
kijistari kimoja, sawasawa na cha kijana
aliyepita mbio, masikio kayaziba kwa muziki.
Akakitazama kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.
"Basi weka viwili. Nitarudi."

Ripoti, ukurasa wa themanini na nane:
irefushwe njia ya kupinda kushoto;
kiondolewe kituo cha basi pale kona,
kisogezwe mita mia na tisini mashariki,
kwani basi likisimama huwachelewesha wapindao kulia.
Niliusoma mara mbili.
Baba angesema: ubeti ukiuondolea kituo
unabaki na mishororo tu,
inakimbia, haijui iendako.

Kikao kilifanyika maktaba, ukumbi mrefu,
chai ndani ya vikombe vya karatasi.
Petrosyan alionyesha mishale ya buluu, mishale myekundu.
Si mtu mbaya. Aliniuliza kama baridi ilinidhuru.
Saa zilikuwa zimekwenda, kila mwananchi akapewa dakika moja.
Bi Halyna alikuwa amekaa nyuma kabisa,
kwa makusudi, nadhani.
Jina lake likaitwa. Akainuka. Akashika kigari.
Tukamsikia anakuja, gurudumu likilia,
hatua, pumzi, hatua.
Mwenyekiti alitazama saa, kisha dari, kisha viatu vyake.
Alipofikia kipaza sauti, kengele ikagonga.
"Hizo ni kama mita thelathini," alisema.
"Zimebaki mia na sitini."
Akageuza kigari.

Uamuzi umeahirishwa mpaka Januari.
Wameniambia nirudi nikahesabu tena, wakati wa theluji.

Na kile kijistari cha pili?
Nilimngoja. Hesabu hufungwa saa tatu;
alipita saa tatu na nusu, kabichi ndani ya kigari,
hakuniangalia.
Nilikichora kwa penseli,
nje ya jedwali, pambizoni,
mahali ambapo mashine ya kunakili haifiki.